Nondo wa Bawa Moja

Mama Brashi, kama walivyomwita wenzake, alikuwa mchoraji wa wadudu katika makumbusho. Ujana wake wote uliishia mezani, jicho kwenye hadubini, ulimi umeng'atwa kwa umakini. Wala hakujuta.

Kazi ya mwisho aliyopewa ilikuwa nondo mdogo, punje ya mchele ilimzidi. Mabawa yake yalikuwa ya kijivu, na ukingoni ulipita mstari wa rangi ya shaba, mwembamba kuliko unywele. Nondo huyo anaishi katika mabonde mawili tu ya milimani, penye ukungu na mawe yaliyofunikwa na kuvumwani laini ya kijani, kwingine hajaonekana. Mama Brashi aliwahi kufika huko akiwa bado na magoti ya kupandia.

Bawa la kulia lilimtoka safi. Alipogeukia la kushoto, mstari ukapotea. Akafuta lenzi, akafuta miwani, wapi! Daktari akamwambia ni presha ya macho, imemla kimyakimya kwa miaka, na kilichokwenda hakirudi.

Mumewe, seremala mstaafu, akaja kukaa naye kazini. "Wewe shika brashi, macho nitakuwa mimi," akasema, akainamia hadubini.

"Haya, baba watoto, unaona nini?"

"Vumbi lenye miguu."

Mama Brashi alicheka mpaka akashika mbavu. "Na mstari?"

"Upo. Unashuka, halafu unapinda."

"Unapinda wapi?"

Mzee akaisogelea tena lenzi. "Mke wangu, sijui nikuambieje."

Hapo kicheko cha Mama Brashi kikageuka kilio. Alipotulia alijaribu kulichora bawa hivyohivyo, kwa mazoea ya mkono.

Mkuu wa chumba cha wachoraji, kijana aliyemwita shangazi, aliitazama karatasi. Shaba ilikuwa imemwagika nje ya bawa.

"Shangazi, kitabuni tutachapisha upande mmoja tu. Vitabu vingi hufanya hivyo."

"Najua, mwanangu. Ila mimi sijawahi kumwacha mdudu nusu."

Kitabu kilipotoka, macho ya Mama Brashi yalikuwa yamezimika kabisa. Mumewe alimfungulia ukurasa. Mkewe akaupapasa kwa kiganja. Ulikuwa laini tu, kama kurasa nyingine zote.

"Amependeza?"

"Amependeza sana," mzee akasema.

Mama Brashi akajikaza kisabuni. Akakifunga kitabu, akaomba kiwekwe juu ya kabati, mahali ambapo hatakigusa kila anapopapasa njia yake.