Papa aliyenilea anangojea article yangu, na ndani iko siri ya mama

Admin, bonjour. Jina langu ulifiche, na jina ya kazi pia, juu Bukavu ni ndogo, tunajuana wote. Niko mwanamuke wa miaka 34, assistante ku université moja ya hapa, namaliza thèse ya doctorat. Wazazi wangu walikufa nikiwa mudogo. Nikalelewa Nyantende na mama mudogo, ndugu ya mama yangu, pamoja na bwana yake.

Papa mudogo ni mwalimu wa zamani. Mushahara yake ilikuwa inakuja ao haikuji, mais mpaka leo anapenda kuambia watu, "Huyu nimemusomesha na chaki yangu." Anasema ivyo ku kanisa, anasema ivyo ku matanga. Mimi najua haikuwa chaki.

Thèse yangu iko juu ya bamama walimaji, namna banaficha bwana zao sehemu ya mavuno ili batoto basome. Mama mudogo alikubali nimuulize kama wengine. Alicheka sana ile siku, akaniambia yote: ako na kashamba chini ya kisima, alikodi kwa jina ya rafiki yake, bwana yake hajui. Maharagi ya pale haiingii mu nyumba, inaenda direct ku soko ya Nyawera, na ndiyo ilinisomesha mimi. Nikamwambia asiogope, jina nitabadilisha, na zile revue za wasomi zenye zinachapa articles, hapa hakuna mwenye anafungua, ni za kulipa. Ilikuwa kweli. Article yangu ya kwanza hata mimi mwenyewe siwezi kuifungua.

Sasa bourse yenye inanilipia masomo imeleta masharti yake. Ile franga ni ya raia wa inchi yenye ilitulipia, kwa hiyo article ya pili, yenye iko na maneno ya mama mudogo, lazima iwekwe wazi ku internet, kila mutu asome bure, siku ile ile inatoka. Na mimi napenda hiyo sheria, ndiyo ubaya wake. Nimeteseka miaka na ma articles zenye kufungwa, nikiombaomba watu wa mbali banitumie. Nikatae nikisema nini?

Basi promoteur, ule profesa anaongoza thèse yangu, alikuja kutusalimia Nyantende. Na furaha yake yote akaelezea papa mudogo: "Papa, hii mara hata wewe utasoma, ku téléphone yako, bila kulipa kitu." Yesu wangu. Nikaona mama mudogo anaacha kumimina chai.

Tangu pale muzee ananiuliza kila dimanche kisha kanisa, article iko wapi? Français anajua kunishinda. Anasoma na kidole, hakuna mustari anaruka. Ndiyo, jina nilibadilisha, mais kashamba chini ya kisima, na mutoto yatima mwenye alifika université, ni nani Nyantende hatajua?

Niliomba promoteur tungoje mwaka moja, akasema bourse haikubali. Nikaomba tuondoe mu article ule ushuhuda wa mama mudogo, akasema ndiyo roho ya article, na kuugeuza ni kudanganya. Bila hiyo article, thèse sitaitetea.

Nikaenda kumusomea mama mudogo yote, mu Mashi, luga yetu ya nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, anachambua maharagi. Akasema, "Uliandika muzuri. Ni mimi kabisa." Kisha akauliza polepole, "Haiwezi kungoja mpaka yeye afe?" Haogopi juu ya kashamba. Anaogopa siku muzee hatasema tena ile neno yake ya chaki.

Jana papa mudogo amenipigia. Amenunua mégas za internet, ameita majirani dimanche, anataka abasomee yeye mwenyewe kwa sauti. Na promoteur anangoja nikubali tu, ni kubonyeza mara moja ku ordinateur, article inatoka. Nalia peke yangu. Ninyi wenye mulilelewa na watu wenye hawakuwazaa, muniambie: nibonyeze, ao niache thèse?