Bawa Lililofunikwa Upande Mmoja

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alichonga mbavu zote za bawa lile kabla figo hazijamlaza hospitalini. Kazi ya kufunika iliniangukia mimi, nyumbani kwetu Kampemba. Ndege yenyewe ilikuwa ya mfano, isiyo na injini, na bawa lake lilikuwa refu kuliko meza ya kulia. Plastiki ya kufunikia, nyekundu, ile inayojikaza ikipata joto, tuliletewa na mchuuzi wa Sakania ndani ya mzigo wa vitenge.

Kufunika nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu. Unaanza upande wa chini: unabandika kingo kwa pasi isiyo kali, kisha unapitisha joto katikati hadi mikunjo iishe. Upande wa juu lazima ufuate upesi. Plastiki ikikaza upande mmoja tu, inavuta mbao, na bawa linapinda.

Nilikuwa nimemaliza chini nilipompelekea uji hospitalini.

"Juu usifunike kwanza," aliniambia. "Nataka nione mbavu zangu. Munganga anasema siku ya Mungu nitatoka."

"Yaya, bawa itapinda."

"Ipinde. Hata mimi niko napinda hapa ku kitanda, na hakuna mwenye kuninyoosha."

Mke wake, aliyeketi kando ya kitanda, alicheka, kisha akageukia dirisha.

Nikangoja. Kila asubuhi nililaza bawa mezani, na kila asubuhi katikati yake palikuwa pameinuka zaidi. Dawa ya kulinyoosha niliijua. Sikuigusa pasi.

Jumapili, siku ile ya Mungu, ilipofika, tulikuwa tumekwisha kumzika.

Kwa ajili ya kilio tulitoa vyombo vyote sebuleni ili wanawake wakae kwenye mikeka. Meza ilitoka, na bawa likatoka nayo, likaegemezwa ukutani uani. Seremala mmoja aliyefanya kazi na yaya alichuchumaa mbele ya bawa, akapitisha kidole juu ya mbavu.

"Ni yeye alichonga?"

"Ni yeye."

"Yote iko sawasawa," alisema, akabaki pale pale.

Watu walipotawanyika na vyombo kurudi ndani, niliwasha pasi. Nililikandamiza bawa kwa magoti, nikatandaza plastiki upande wa juu kidogo kidogo, nikiipitishia joto. Plastiki ilijikaza, mbao zikarudi taratibu. Ubavu wa mwisho ulikuwa na mshale wake wa penseli, kuonyesha mbele ni wapi. Hapo niliinua pasi kidogo.

Bawa sasa limenyooka. Nikiligonga kwa kidole linalia kama ngoma ndogo. Mbavu hazionekani tena.