Chupa Niliyomnyima Kaka

Ipo siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, ingawa aibu yake imeshapoa. Nilikuwa kijana, nabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Hanang. Mfaransa mmoja, mkulima wa zabibu mwenye shamba dogo kuliko hili letu la Nangwa, alinipa chupa ya divai nyekundu aliyoitengeneza mwenyewe. Akasema, mwongoza wageni akitafsiri, "Hii ni changa, na utamu wake ndio huo uchanga. Inywe mwaka huu na watu wako."

Sikumwamini. Nilishasikia kwamba divai hukomaa kwa kukaa, na kijana akishamaliza darasa la saba hudhani amemaliza na kujua. Nikaiweka darini juu ya jiko, kwenye joto na moshi, tunapohifadhi mbegu za mahindi.

Wakati huo mimi na kaka yangu Paskali tulikuwa hatusalimiani. Ng'ombe wake waliingia kwenye mbaazi zangu, nikawafukuza kwa mawe, maksai wake mmoja akavunjika mguu. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyekuja ni yeye. Alikaa mlangoni, akasema, "Mdogo wangu, nasikia una divai. Tunywe kikombe kimoja, yaishe." Kwetu waliogombana wakinywea chombo kimoja, ugomvi umekwisha.

Nikamjibu, "Bado changa, kaka. Ikikomaa nitakuita. Subira huvuta heri."

Kweli niliamini hivyo, ila pia nilitaka angoje kidogo. Alichukua fimbo yake akaondoka, na kabla ya masika akahamia Gehandu na mke wake na mifugo. Mtoto wao wa kwanza alibatizwa mimi nikiwa shambani napalilia.

Mwaka wa nne shangazi yetu alikuja, akaiona ile chupa. Nilipomweleza, alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Yaani ndugu yako umemweka darini akomae? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Vaa viatu, twende."

"Shikamoo, kaka," nilisema tulipofika Gehandu.

"Marahaba."

Nilifungua chupa, nikamimina kikombeni, nikaonja, nikakaribia kutema. Ilikuwa siki tupu. Paskali akanipokonya kikombe, akanywa hadi mwisho bila kukunja uso.

"Sasa imekomaa," akasema.

Shangazi alicheka sana. Mimi nililia.

Mwanangu, mbegu iweke, na akiba ya njaa iweke. Mapatano hayawekwi. Ndugu akikujia mlangoni, mpokee siku hiyo hiyo, hata kama moyo bado unachemka, utatulia mkishakunywa. Paskali tulimzika mwaka juzi, na hakuna kati yetu aliyewahi kujua divai ile ilikuwa na utamu gani ilipokuwa changa.

Mungu akujalie ndugu wa kukubishia hodi, na akupe mkono mwepesi wa kufungua.