Boneti ya Desderi na Kipimo cha Tatu

Niliondoka Ilemba asubuhi moja bila kujua ninakokwenda. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, si kwa ujinga, bali kwa sababu miguu yangu haikutulia. Kufikia siku ile nilikuwa mtu mzima niliyekwisha kubeba mizigo Tunduma na kuchunga ng'ombe wa watu bondeni. Nilidandia lori la mpunga, likanipandisha mlima hadi Sumbawanga, likaharibika mtaa wa Izia mbele ya gereji yenye ua wa matete. Nikaingia kutazama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una gari?" aliuliza mzee mmoja aliyevaa koti zito lililotobolewa na cheche.

"Sina. Natazama tu."

"Kutazama kunachosha. Shika hapa."

Nilichoshikishwa kilikuwa boneti, yaani kifuniko cha injini. Niliishika mpaka adhuhuri huku yeye akikata na kuchomelea. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Mzee yule alikuwa Fundi Mkuu. Hakuna aliyemwita kwa jina, hata mkewe.

Kazi iliyotuletea wateja ilikuwa hii. Magari ya kushuka Ziwa Tanganyika au bonde la Rukwa yalikuja na injini ndogo za petroli, zikashindwa na milima. Wenye magari wakanunua injini za dizeli kutoka malori yaliyokufa. Injini ya lori ni ndefu kwenda juu. Ukishaifunga, boneti haifungiki. Mafundi wengine walitoboa tundu tu, mvua na tope vikaingia. Fundi Mkuu alikuwa na utaratibu wake. Aliagiza ugali wa ulezi uliopoa, ule mgumu, akabandika matonge juu ya injini, akashusha boneti taratibu, kisha akaiinua. Tonge lililosagika lilimwonyesha pa kukata; lililobaki nene lilimwambia nafasi iliyopo. Hapo alichora kwa chaki, akakata kwa grenda, akachomelea nundu ya bati la pipa, fupi kiasi cha kumwachia dereva aone ukingo wa barabara anaposhuka.

Alipima mara tatu. Kwanza injini ikiwa imezimwa. Pili ikiwa inaunguruma. Tatu, gurudumu moja la mbele likiwa juu ya jiwe, gia imeingizwa, breki imekanyagwa na mafuta yanakanyagwa pia, kwa sababu injini hukalia mipira, na inapovuta mzigo huegemea upande mmoja na kuinuka.

"Injini iliyolala haina habari," alisema. "Ipime ikiwa na hasira."

Nilimwacha mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kambi ya wajenzi wa barabara upande wa Mpanda, ambako Msimamizi wa Karakana alinifundisha kuchomelea kwa gesi, kisha akanifukuza kwa sababu niliifungua redio yake nione sauti inatoka wapi. Mara ya pili nilikwenda machimboni. Kila niliporudi, Fundi Mkuu hakuuliza nilikuwa wapi. Aliuliza, "Umejifunza nini?" Nami nilimwonyesha.

Baada ya kurudi mara ya pili ndipo alipokuja Desderi, mchuuzi wa samaki wa Wampembe, na pikapu yake. Tuliifunga injini ya lori. Boneti ilikataa kufunga, ikabaki juu kwa vidole vinne. Fundi Mkuu alikuwa anakwenda kijijini kwenye kipaimara cha mjukuu wake, akaniachia kazi.

"Desderi ni mwepesi wa kuondoka," aliniambia. "Asitoke hapa kabla ya kipimo cha tatu."

Nilikata vizuri. Ila mbavu za chini ya boneti zilinizuia, nikazikata pia, na pamoja nazo ikatoka ndoano ya akiba, ile inayoidaka boneti endapo loki itaachia. Niliiweka juu ya meza nikisema nitaichomelea mwisho. Nikapima mara mbili kwa ugali.

"Fundi, mnapika au mnatengeneza gari?" Desderi alinitania.

"Tunapika. Mboga ndiyo uliyochelewa kuleta wewe."

"Basi niachie niifuate! Migebuka imejaa ufukweni, na jua halimsubiri mtu."

Tulicheka. Nilitaka Fundi Mkuu arudi akute kazi imekwisha, mteja amefurahi, na sifa ni zangu. Nikafunga boneti, nikaipiga kofi. Desderi akaondoka, ndoano ikiwa bado mezani.

Alishuka salama. Wakati wa kupanda na mzigo, injini iliegemea, bomba la hewa likasukuma boneti kutoka chini, kona baada ya kona, mpaka loki ikalegea. Alipofika juu kwenye tambarare akaongeza mwendo, na upepo wa Ufipa mnaujua. Boneti ilifumuka ikafunika kioo chote. Gari lilipinduka mtaroni. Desderi alifia pale pale.

Tulikwenda kuzika Wampembe. Baada ya maziko kaka wa marehemu alisimama mbele ya watu akauliza, "Nani aliikata boneti ile?"

"Gari limetoka kwenye ua wangu," alisema Fundi Mkuu. "Ni mimi."

Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nilingoja ageuke anitazame. Hakugeuka, nami sikufungua mdomo.

Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Umejifunza nini?" Wiki ile ile nikaondoka mjini.

Niliyoyasikia baadaye niliyasikia kwa watu. Wachuuzi wa ziwani walimkimbia, gereji ikafungwa, akarudi kijijini kulima ulezi, watoto wake wakabaki Sumbawanga, akafa akiitwa muuaji wa Desderi. Mimi nilikata boneti Mbeya, Kigoma na Tabora, na hakuna gari lililotoka mikononi mwangu bila vipimo vitatu na ndoano ya akiba. Ninyi vijana mnaopenda injini kubwa, anzeni na ndoano hiyo. Lakini hesabu ya aliyekufa haifutwi na kazi nzuri.

Sasa macho yangu yameharibiwa na mwanga wa kuchomelea, nimeacha kazi. Mwezi uliopita nilishuka Wampembe, nikamkuta mjane wa Desderi, Mama Skola, akianika dagaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kutandaza samaki mpaka nikamaliza.

"Mzee yule alikuja hapa na gunia la ulezi," alisema. "Nikamfungia mlango. Alikaa nje mpaka jioni, akalibeba tena gunia lake. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ninazunguka, mama."

"Umenitua mzigo mmoja, umenitwisha mwingine." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Watoto wa mzee yule umewaambia?"

"Bado."

"Basi umeanzia pasipostahili. Leo hakuna gari la kupanda. Nyumba ya wageni iko pale nyuma ya kanisa. Kwangu huwezi kulala."

Nilikwenda. Mwenye nyumba alinipa chumba chenye dirisha la kuelekea ziwani, akanifungulia daftari la wageni. Jina, niliandika. Kazi, nikaandika fundi. Palipoulizwa ninakokwenda niliandika kwa herufi kubwa ili nami niweze kuzisoma: Sumbawanga, kwa watoto wa Fundi Mkuu.