Msiba wa Dada Aliye Hai

Mwalimu Apolinari alimuua dada yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa amesimama langoni kwake Chamazi na begi mgongoni. Hakukusudia. Alikuwa ameandaa maneno mengine kabisa.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Naenda porini kukaa peke yangu siku nane." Aliyarudia jikoni huku akichemsha chai, na jikoni yalisikika vizuri. Lakini nje alimkuta Mzee Shomari, mjumbe wa mtaa, akimwagilia mchicha wake kando ya ukuta, na mbele ya macho ya yule mzee maneno yale hayakusemeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Safari?"

"Nyumbani, Bukoba."

"Kwema?"

"Si kwema sana. Kuna msiba."

"Nani tena?"

"Dada."

"Huyu dada Jesca unayemsemaga?"

Hana dada mwingine. "Ndiyo," akasema. "Jesca."

Mzee Shomari aliweka ndoo chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi.

Miezi michache baadaye nilipanga chumba cha uani kwa mwalimu huyo, na habari hii alinipa mwenyewe, vipande vipande, kama mtu anayejing'oa miba mguuni. Nimeishi katika miji ambako mtu anaweza kufunga mlango wiki nzima na jirani asijue. Chamazi si hivyo. Hapa ukisema unataka kukaa peke yako utaulizwa kwanza umegombana na nani. Ukishikilia, watakupangia zamu ya kukuangalia, usije ukajidhuru. Kuondoka kusikoulizwa maswali ni kumoja tu, kwenda kuzika.

Mkewe, Sekela, alifariki mwaka juzi. Majirani walimzika vizuri, kisha wakaamua kwamba mwalimu hatakaa mpweke hata siku moja. Demetria, mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikatoliki, alipita kila jioni akitoka dukani kwake, akakaa, akasimulia. Mwanaasha, mke wa Mzee Shomari, alileta bakuli la mchuzi na kusubiri mpaka liishe. Brightson wa bodaboda alikuja kuangalia mpira na kusinzia kwenye kochi. Ikafika mahali mwalimu hakumbuki lini mara ya mwisho alimfikiria mkewe mpaka mwisho wa wazo, bila mtu kupiga hodi katikati. Na hodi zenyewe zilikuwa za heshima tu, maana mpigaji alikuwa ameshaingia.

Shule zilipofungwa alimkumbuka rafiki yake wa chuo mwenye shamba la mihogo huko Kisarawe, lililopakana na msitu wa Kazimzumbwi. Palikuwa na kibanda cha bati kisicho na mtu. Alibeba mchele, dagaa, chumvi na neti, akazima simu kabla hajafika stendi.

Siku tatu za kwanza alipata alichokifuata. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni hadi kwenye matuta ya mihogo, na hondohondo wakapita juu kwa kishindo cha mabawa. Alikaa kwenye gogo mlangoni, akamfikiria Sekela akiwa anasuka ukili, akiwa amekasirika, akiwa mgonjwa. Alilia kwa sauti, jambo ambalo nyumbani lingeleta watu kumi. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Ananiambia kwamba hajutii siku zile tatu, na kwamba hilo ndilo linalomwumiza zaidi.

Siku ya nne alipomwita Sekela akilini, akaja Jesca. Alikuja amelazwa, amefunikwa kanga hadi kidevuni, pamba puani. Mwalimu akafumbua macho, akatembea hadi mtoni, akarudi. Jesca alikuwa bado amelala palepale. Ikawa hivyo siku nzima na kesho yake. Mwishowe alipanda kilimani kwenye mtandao, akawasha simu, akapiga Bukoba bila kusoma ujumbe hata mmoja uliokuwa ukiingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kumbe leo umenikumbuka. Mbona huongei?"

"Naongea."

"Sauti yako ni ya mtu aliyedokoa nyama chunguni. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. We mzima?"

"Mguu unaniuma, na kahawa imeiva sina wa kuichuma. Hao ndege wa wapi?"

"Wa hapa Chamazi."

Alipokata simu aliona kwamba sasa amemdanganya hata marehemu mwenyewe. Alikaa siku tatu nyingine, lakini hakuwa tena peke yake.

Jumamosi mchana alirudi Chamazi na mfuko wa mihogo aliopewa na mlinzi wa shamba la jirani. Alipokunja kona ya mtaa wake aliona turubai la bluu limefungwa kutoka kwenye paa lake hadi kwenye ukuta wa Mzee Shomari. Chini yake, viti vya plastiki, na juu ya viti, watu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka barazani. Kwa siku tatu jumuiya ilikuwa imesali hapo jioni bila mfiwa, na leo, siku aliyomwambia Mzee Shomari kwamba angerudi, walikuwa wamekuja kumhani.

Walisimama wote. Demetria alimkumbatia na kulia kweli, machozi yakamlowesha mwalimu shingoni. "Pole baba. Kwanza mama Hope, sasa dada. Pole."

Mama Hope ni Sekela, maana binti yao anaitwa Hope. Mwalimu alisema ahsante. Anasema neno lile lilimtoka kama kokwa.

"Za huko?" Brightson aliuliza. "Senene za Bukoba ziko wapi, mwalimu? Au ndiyo msimu haujafika?"

"We naye, mtu katoka kuzika," Mwanaasha akamkemea.

Mzee Shomari alikuwa akiutazama ule mfuko. Aliuchukua mkononi mwa mwalimu kama anayempokea mgeni mzigo, akapita nao mpaka uani, na mwalimu akamfuata kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

"Mihogo hii ya Kisarawe," mzee alisema taratibu.

"Umejuaje?"

"Mie Mzaramo, mwalimu, Kisarawe ni kwetu. Na udongo mwekundu huu, umeng'ang'ania hadi kwenye viatu. Dada mzima?"

"Mzima."

Mzee Shomari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mie ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba. Nimegonga milango arobaini na sita nikisema mwalimu kafiwa. Watu hawakuniuliza umejuaje, wamenitazama usoni wakaamini. Mie sisemi. Ukinyamaza, nami nabaki muongo mwenzio. Lakini kesho kanisani kwenu atasomwa. Demetria kaliandikisha jina kwenye misa ya marehemu."

Mwalimu anasema alijiona kama mtu aliyesimama na jeneza kichwani, asijue pa kulitua. Akinyamaza, padri angemwombea Jesca raha ya milele, naye Jesca akiwa Bukoba anachuma kahawa kwa mguu mmoja. Akisema, watu wale hawangemwamini tena. Alirudi barazani, akasimama karibu na nguzo.

"Jesca hajafa."

Brightson akauliza kwa sauti ya chini: "Kafufuka?" Hakuna aliyecheka.

"Labda alizimia," Demetria alisema haraka. "Inatokeaga. Mlipewa taarifa vibaya, siyo? Hata kwa shangazi yangu walitupigia simu kafa, kumbe yuko mahututi."

"Mitandao hii," mtu mwingine akaongeza. "Inachanganya watu."

Vichwa vikaanza kutikisika kukubali. Walikuwa wanamfungulia mlango, wote kwa pamoja, na wangempokea upande wa pili kwa furaha. Alichotakiwa kusema ni ndiyo.

"Hapana," alisema. "Nilidanganya. Sikwenda Bukoba. Nilikuwa Kisarawe, msituni. Nilitaka kukaa peke yangu."

"Peke yako na nani?" Demetria aliuliza.

"Na mama Hope."

Demetria alimtazama. Alikuwa hajafuta machozi yake. "Na sisi tulikuwa tunakuzuia?"

Swali hilo lilikuwa na jibu la adabu, naye alilijua. "Ndiyo," akasema.

Mwanaasha ndiye aliyeinuka. "Chakula kipo," alisema. "Wali haujui nani kafa na nani hajafa." Wakala, kwa kimya ambacho mwalimu anasema hajapata kukisikia kwenye shughuli yoyote ya Waswahili. Demetria hakula. Alisimama kando na simu sikioni, akizungumza na katibu wa parokia: "Lifute. Hapana, hajafa. Nina uhakika, kaka yake yuko hapa." Jua lilipoanza kuteremka walikunja turubai, wakachukua kila mtu kiti chake.

Hakuna aliyemsema vibaya. Walimsalimia, wakamuuliza habari za shule. Ila mlango wake haukupigwa hodi tena. Jioni alikaa kwenye kochi, televisheni imezimwa, akisikia hatua za Demetria zikipita nje bila kupunguza mwendo. Angeweza kumfikiria Sekela mpaka mwisho wa wazo, kila siku, bila kukatizwa. Hakuweza. Alifikiria jirani aliyelia shingoni mwake.

Mzee Shomari alikuwa wa kwanza kumsamehe, ingawa alisema watu sasa wakiletewa habari na yeye wanauliza, "Una uhakika, mzee?"

Mwezi wa pili baada ya hapo Khalfani fundi cherehani, wa nyumba ya nane, alifariki kwa presha. Mwalimu alisikia kwa wapita njia, maana hakuna aliyekwenda kumwambia. Alivaa viatu vyake vya shamba, akaenda makaburini alfajiri kabla ya wote, akasimama pembeni wakati vijana wanapima ardhi. Wachimbaji walipokezana jembe kutoka mkono hadi mkono, na kila mara lilimpita. Alibaki amesimama. Jua likapanda, shimo likafika kiunoni.

Brightson alitoka shimoni akitweta, jasho limemchuruzika hadi kwenye kope. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akamnyooshea jembe kwa mpini.

"Shika, mwalimu," alisema. "Huyu kafa kweli."

Mwalimu Apolinari alilipokea, akashuka.