Furaha, nimefungua kile kitambaa

Siamini bado. Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye meeting, simu ikatetemeka, kumbe ni Chausiku: "Furaha hatunaye tena." Nikamjibu, "Furaha yupi?" Kana kwamba namjua mwingine.

Kwa msiomjua, Furaha alikuwa fundi cherehani wa Jeppestown, hapa Johannesburg, mzaliwa wa Bukavu. Nusu ya nguo za kwaya yetu pale mjini alishona yeye. Presha ilimwangusha Jumapili, na hospitalini hakumaliza siku tatu.

Tangu juzi kila mtu anaandika kwamba alikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote. Nimesoma yote, na nitasema ukweli: nimeona wivu. Wivu huu nilikuwa nao akiwa hai, na ulikolea kule China.

Mwaka jana tulisafiri wanne: Furaha, Chausiku, Mama Grace anayesuka nywele Hillbrow, na mimi. Watu wetu huenda China kuleta mzigo. Sisi tulienda kutembea tu, mkoa wa Yunnan, ambako kila bonde lina kabila lake, mavazi yake na chakula chake.

Wazo lilikuwa langu. Itinerary niliandika mimi, na kwa miezi minane nilijifunza Kichina kwenye simu, nikienda kazini na nikirudi. Nilijiona kiongozi wa msafara.

Siku ya kwanza, Kunming, niliagiza tambi za mchele kwa Kichina changu. Mwenye duka akanisikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia Furaha, ambaye alikuwa anaonyesha pilipili kwa kidole. Bakuli la kwanza likaenda kwake.

Lijiang tulikuta akina mama wa kabila la Kinaxi wanacheza duara uwanjani. Dakika tano hazikuisha, Furaha yuko katikati yao. Ile picha mnayoisambaza wote, mkono ulioshika mikoba pale pembeni ni wangu.

Mji ule uko juu sana milimani, hewa ni nyepesi. Kesho yake kichwa kiliniuma nikashindwa kuamka. Wenzetu walikwenda kuona mlima wa theluji, Furaha akabaki kunikanda kwa kitambaa cha maji, na hakuwa ameona theluji maishani mwake. Jioni wakamsifu kwa moyo wake, na mimi nikanuna kwamba hata ugonjwa ni wangu lakini sifa amepata yeye. Ndivyo nilivyokuwa.

Tukirudi tulipitia kijiji cha Wabai, karibu na Dali. Mabibi wa pale wanashona kitambaa cheupe kwa uzi, wanakikaza mpaka kiwe furushi, halafu wanakitumbukiza kwenye rangi ya buluu. Ukifungua nyuzi, palipokazwa panabaki peupe, na hapo ndipo pambo linaonekana.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya Kichina. Bibi mmoja alinitazama, akatabasamu, akaendelea kuongea Kibai na mwenzake. Kichina chenyewe nadhani hakukitumia sana. Furaha yeye alikaa, akachukua sindano, akapiga mishono mitatu. Yule bibi akamshika mkono, akaugeuza aone sugu ya kidole, kisha akaita wenzake waje waone.

Nikatoka nje. Furaha akanifuata.

"Dada, uko unakasirika ju ya nini?"

"Sijakasirika."

"Kwetu pia iko vile. Ukiendea koko yangu, mama ya mama yangu, na kifaransa yako ya muzuri, atakuangalia tu. Njoo ukae, tushone."

Nikamwambia nawasubiri kwenye gari.

Walikaa mle mpaka alasiri. Chausiku na Mama Grace wakatoka na skafu zao za kipepeo shingoni, Furaha na yake. Mimi nikakabidhiwa furushi limelowa, nyuzi bado zimekazwa, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ya kwako sikufungua," akasema. "Raha yote iko mu kufungua. Utafungua weye mwenyewe."

Nikajua nimepewa kile walichojifunzia. Nilikianika bafuni hotelini, na tulipofika Joburg kikaingia kwenye droo.

Aliniuliza kanisani kama nimefungua. Bado. Akaniuliza tena tukiwa tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, tunasubiri kuvuka. Bado. Alhamisi iliyopita akaandika: "Dada, ulifungua?" Nikasoma, sikujibu. Nilikuwa na deadline, na asubuhi hiyo walikuwa wameweka picha yao watatu na skafu zao.

Leo nimekaa jikoni na mkasi mdogo, nikakata uzi mmoja mmoja. Eish, alikuwa amezikaza. Nusu yangu ilikuwa inaomba kitambaa kiwe kibaya, ili nionekane nilikuwa sahihi. Nusu nyingine iliomba kiwe kizuri kuliko vya wenzangu.

Ni kipepeo yule yule. Buluu ile ile, mabawa yale yale, sawasawa na cha Chausiku, na cha Mama Grace, na chako. Ulitushonea sare, Furaha. Tangu tulipotoka kule tumekuwa na sare ya watu wanne, na picha zote mmevaa watatu kwa sababu mimi nilinuna.

Nimelia mpaka jirani akagonga mlango.

Jumamosi, siku ya kukuzika, tutavaa. Mama Grace ameshapiga pasi cha kwako, atakufunga shingoni yeye mwenyewe, na ndiyo, hilo pia nimelionea wivu. Itakuwa mara ya kwanza tuko wanne kwenye sare, na wewe huwezi kutuona.

Huko ulikokwenda najua wameshakupenda kabla hujafungua mdomo. Siku nitakayofika watasema, huyu ndiye yule rafiki yake Furaha. Sawa, nakubali. Niwekee kiti karibu na wewe, na safari hii sitasubiri kwenye gari.

Nimefungua, dada. Lala salama.