Nahodha wa Nchi Kavu

Mtu ukishaona kola ya shati lake, huna tena sababu ya kumwogopa. Hivyo ndivyo alivyoamini Mama Pasi, na alikuwa na haki ya kuamini, maana kola za mji mzima zilipita mikononi mwake. Alikuwa na duka la dobi barabara ya nyuma ya benki. Alimjua meneja aliyefutia mikono kwenye tai. Alimjua mwanasheria ambaye suti yake ilikuwa imetoboka kwapani, lakini akipita barabarani utadhani kaijenga yeye. Nguo za watu alizipokea kwa vidole viwili, akabetua mdomo, akakata tiketi. Wateja walimwogopa, na bado walirudi, kwa sababu shati lililotoka kwake liliweza kusimama bila mtu ndani.

Lakini katika wote aliowadharau, aliyetia fora ni mumewe.

Mumewe alikuwa mpima ardhi wa serikali, mrefu, mpole, penseli sikioni hata siku za mapumziko. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilisimama juu ya magogo katika ua wa nyuma wa duka: mashua ya matanga, aliyoinunua ikiwa imeoza ubavu mmoja. Nia yake ilikuwa kuingia mashindano ya kiangazi, yale ya kulikata ziwa kwa urefu, siku na usiku, kutoka gati la mji wao hadi mji wa upande wa pili, ambao hata kwa darubini hauonekani. Kila mwaka alijiandaa. Na kila mwaka, siku zikikaribia, jambo likatokea. Rangi haijakauka. Mlingoti una ufa. Kuna mwaka alisema upepo wa msimu ule haueleweki, akalisema hilo bila haya, mbele ya wageni, kijiko kikiwa mkononi.

Majirani wakambandika jina: Nahodha wa Nchi Kavu. Naye akaliitikia, tena kwa tabasamu, jambo lililomkera mkewe kuliko jina lenyewe.

Ua ukiwa umekaliwa, Mama Pasi alianika mashuka ya hoteli juu ya paa, akipanda ngazi ya chuma na beseni kiunoni. Mumewe akipiga msasa huko chini, vumbi lilipanda lote, na mashuka meupe yakateremka na rangi ya meno mabovu. Basi mama alisimama ukingoni mwa paa na kumtazama utosini.

"Endelea tu, fundi," alimwambia. "Chombo kitafika. Kitafika jikoni, kama kuni."

"Bado mkono mmoja wa vanishi, Mama," mumewe alijibu, bila kuinua kichwa.

Kiangazi hicho ninachokisimulia, katibu wa chama cha mashua alikuja dukani na makoti ya wazee wa chama. Alikuwa bwana mwenye kitambi kilichotangulia salamu zake. Akaweka mzigo juu ya kaunta, akachungulia mlango wa ua, akacheka.

"Na Nahodha wetu mwaka huu vipi? Au tumsogezee ziwa hapa hapa?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka naye. Mama Pasi akahisi masikio yanamchoma. Kumdharau mumewe ilikuwa kazi yake. Hakuwa ameikodisha kwa mtu.

"Mwandike," akasema.

"Masharti unayajua, Mama? Watu wasiopungua watatu. Na kabla ya mashindano, chombo lazima kitoke mpaka nchi kavu isionekane, kisha kirudi salama, na sisi tunakifuatilia kwenye mtambo wa kuonyesha kilipo."

"Nimesema mwandike. Halafu koti lako hili lina doa la mvinyo mgongoni. Mgongoni! Ulikuwa unakunywa na nani, bwana?"

Katibu akaandika upesi, akaondoka bila kucheka.

Isidhaniwe kwamba alifanya vile kwa mapenzi. Alitaka kumwona mumewe akibanwa kona, basi. Aliitoa habari ile mezani, wakati wa chakula, wifi yake akiwepo. Wifi alikuwa dereva wa lori la saruji, mwanamke wa mabega mapana, mwenye kicheko kama honi, na alikuwa amekuja kupumzika likizo yake pale kwa kaka yake.

"Kaka, hatimaye!" wifi akapiga meza. "Na mimi nimo. Siwezi kukaa likizo nzima natazama ukuta."

Mume akaacha kutafuna. "Nilikuwa nafikiri... ile vanishi ya mwisho..."

"Imekauka," alisema Mama Pasi. "Nimeigusa kwa kidole."

Mtu wa tatu alipatikana benki. Alikuwa karani wa dirishani, rafiki wa mume, ambaye siku ya pili tu ya maandalizi alifika na miwani ya jua iliyofunika nusu ya uso, na tangu hapo hakuitwa jina lingine ila Miwani. Mama Pasi alimpandisha na kumshusha kwa macho. Shati la huyu alilijua vizuri. Lilikuwa na kikwapa cha mtu anayetokwa jasho akiulizwa saa.

Sasa ua ukageuka chuo. Jioni, kazi zikiisha, mume alisimama juu ya mashua iliyokaa kwenye magogo akawafundisha wenzake kupandisha tanga, kulikaza, kulipunguza upepo ukizidi. Alipima vyakula. Alikata mpini wa mswaki ili kupunguza uzito, na Mama Pasi, aliyekuwa akipiga pasi dirishani, akasonya hadi mvuke ukahama njia.

"Kata na ulimi wa Miwani," alisema. "Hapo utapunguza mzigo kweli."

Siku moja upepo wa ghafla ukalijaza tanga mle uani, mashua ikagutuka juu ya magogo, na Miwani akaruka chini akapiga yowe. Wifi alicheka mpaka akakaa. Mume yeye alilegeza kamba moja kwa utulivu, tanga likanywea, akaendelea na somo pale alipoachia. Mama Pasi aliona, lakini hakutaka kuona, akarudi kwenye suruali za watu.

Mashua ikabebwa kwa gari hadi ziwani. Kwa siku kadhaa walizunguka karibu na gati, na watu wa chama, waliokuwa wamekuja kucheka, wakabaki wamekunja mikono. Chombo kilikuwa chepesi, kinageuka kama kimeshikwa sikio. Mama Pasi alisikia sifa hizo dukani kwake na zikamkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

Asubuhi ya jaribio lenyewe, Miwani alipiga simu kwamba amekataliwa ruhusa kazini. Bila mtu wa tatu jaribio halihesabiki. Mama Pasi akafunga duka, akavaa jaketi la kujiokolea juu ya gauni la kazi, akaingia chomboni.

"Unakuja kufanya nini?" mumewe aliuliza.

"Kukutazama."

Mwanzo hakukuwa na cha kucheka. Mume alikaa kwenye usukani, akatoa amri fupi fupi kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia nyumbani. Mji ukaanza kupungua nyuma yao. Yakaenda mapaa, likaenda tangi la maji, ukabaki mstari mwembamba kama wa chaki. Hapo Mama Pasi akamwona mumewe anageuza shingo. Anatazama nyuma, anatazama mbele, anatazama nyuma tena.

"Kamba ya mbele imelegea," alisema. "Turudi kidogo niiangalie."

Wifi akaivuta kamba. "Imekaza, kaka."

Akageuza chombo hata hivyo. Walipokwisha kurudi kipande, akashika tena njia, na mstari wa chaki ulipofifia akasema ameona wingu. Mbingu ilikuwa safi, haina hata kunyanzi. Mara ya tatu hakutafuta kisingizio. Aliuachia usukani, akateremka sakafuni mwa mashua, akakumbatia magoti. Uso ulikuwa umeparara kama umemwagiwa majivu. Wifi aliurukia usukani kabla chombo hakijapinda.

"Siwezi," mume akasema.

"Huwezi nini?" aliuliza Mama Pasi.

"Maji siyaogopi. Nikiona nchi, hata kilima tu, niko sawa. Ikipotea, miguu sinayo tena. Hata pumzi inanikimbia."

Mama Pasi alikuwa ameingoja saa hiyo kwa miaka. Maneno ya kumwambia alikuwa nayo tele kifuani, yamepigwa pasi na kukunjwa. Kilichotoka kilikuwa swali.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoinunua, siku mwuzaji aliponitoa kwa chombo chake kingine hadi nchi ikapotea. Nilidhani nikiitengeneza mashua hii vizuri zaidi, hofu itaniondoka. Kwa hiyo kila mwaka nilikuwa naongeza kitu."

"Miaka yote hii napanda paa na beseni!"

"Najua."

Mama Pasi akasonya, msonyo mrefu. Wifi akakata maneno. "Kaka, lala chini, jifunike macho. Wewe sema, mimi nifanye."

Na ikawa hivyo. Mpima ardhi akalala chali, mfuko wa tanga usoni, akawa anatoa amri kutoka sakafuni. Alikijua chombo kwa mgongo. "Kinalala sana, mlegezee." "Hapo. Usiguse." Nchi kavu ikafutika kabisa. Mama Pasi akazungusha macho pande zote, akaona maji tu, na alichohisi ni njaa. Ndiyo hii? alijiuliza. Kitu chenyewe ndicho hiki? Akazidi kumdharau.

Nyumbani, mume akasema atatoa udhuru wa mgongo.

"Mgongo!" Mama Pasi aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Hutasema mgongo. Utasema ukweli."

"Watanicheka."

"Siku zote wanakucheka bure. Sasa wacheke kwa sababu."

"Na mtu wa tatu? Wifi yako na Miwani, akipewa ruhusa, ni wawili."

Mama Pasi aliwafikiria wateja wote aliowatangazia, kwa nyodo zake zote, kwamba chombo cha nyumba hii mwaka huu kinaondoka. Afadhali azame kuliko kukaa nyuma ya kaunta ile na kuonewa huruma na watu ambao soksi zao anazijua.

"Mimi," alisema.

Zikabaki siku za kuhesabika, na katika siku hizo mpole yule akageuka. Alimkabidhi mkewe kamba, akamwonyesha fundo, akangoja. Mkewe akafunga. Mume akaliinua fundo lile kwa vidole viwili, akabetua mdomo.

"Hiki ni nini, Mama?"

"Fundo."

"Hii ni ajali. Rudia."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mama Pasi arudie, tangu shangazi yake alipomfundisha kunyoosha kola. Alirudia. Likafumuka. Mume akasonya, kidogo tu, lakini alisonya! Mama Pasi akakaa usiku ule hana usingizi kwa hasira, na kesho yake, katikati ya mteja na mteja, akawa anafunga na kufumua kipande cha kamba chini ya kaunta. Mume alimpokonya mto aliotaka kuubeba. Alimvua Miwani miwani yake. Wifi alipotaka kutetea, aliambiwa anashika usukani kama anakoroga saruji. Kwa katibu alikwenda mwenyewe akasema ukweli, akachekwa mpaka nje ya lango, akarudi nyumbani kuendelea kukagua mafundo.

"Jamani, huyu tumemwamsha nani?" Miwani alinong'ona.

"Funga kamba," alijibu Mama Pasi.

Siku ya mashindano watatu hao wakaondoka na wengine wote, na kufikia jioni wengine wote walikuwa mbele. Siku ya pili upepo ulikuja na hasira. Miwani alitapika, akapangusa mdomo, akashika ndoo akawa anachota maji bila kuambiwa, na hakuiacha ndoo hadi mwisho. Kisha fundo moja la mbele likafumuka, tanga likaanza kupigapiga kama shuka lililokatikiwa kamba. Lilikuwa fundo la Mama Pasi. Alitambaa hadi mbele, kwenye omo, akimtukana mumewe kwa kila jina alilolijua, mawimbi yakimwagika mgongoni, vidole vimechubuka, akalifunga upya. Lilishika. Alibaki akiliangalia kwa muda, akingoja lifumuke, halikufumuka.

Walifika wa mwisho. Bendera zilikuwa zimeshushwa, na katibu alikuwa akipanga viti kimoja juu ya kingine.

"Oho, wafuaji wetu!" alisema.

"Koti lako liko tayari," Mama Pasi alimwambia akipita. "Doa halikutoka. Nimemwuliza mkeo, naye halijui."

Gatini alisimama mumewe. Alikuwa amelizunguka ziwa kwa barabara, akiwa na chupa ya chai na blanketi. Hakusema pole. Alikuwa akilitazama tanga kwa macho ya kubana.

"La mbele mmelilegeza mno," alisema. "Nimewaona tangu mkiwa mbali. Kutoka kule kwenye boya mmepoteza nusu saa nzima."

"Kaka, tupe chai kwanza," alisema wifi.

Mama Pasi akapanda gatini. Alikuwa na jibu zuri sana, la kumkata mtu maini, lakini alipokanyaga sakafu ya zege ikainuka, ikashuka, ikayumba kushoto. Akapepesuka. Mumewe akamshika kiwiko.

"Ni kawaida," alisema. "Inachukua muda kuacha."

"Umejuaje, wewe ambaye hujafika popote?"

"Nimesoma."

Akasonya. Lakini kiwiko hakukitoa. Alikiacha pale pale, kwa kuwa zege lilikuwa bado linayumba, na mumewe akaendelea kumweleza habari za tanga la mbele mpaka walipofika kwenye gari.